Toleo jipya la Python: uzito wake umo katika maktaba sanifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili nizungumzie toleo la 3.14 la lugha ya programu ya Python, lililotoka tarehe 7 Oktoba 2025, na hasa sehemu yake moja ambayo habari nyingi nilizosoma ziliitaja kwa sentensi moja au ziliiruka kabisa. Sehemu hiyo ni maktaba sanifu, yaani mkusanyiko wa moduli zinazokuja pamoja na lugha yenyewe pale mtu anapoisakinisha, bila kulazimika kupakua kitu kingine. Habari hizo zilitawaliwa na kasi: kwamba sasa kuna namna inayotambuliwa rasmi ya kuendesha Python bila lile kufuli kuu ambalo kwa miaka mingi lililazimisha nyuzi za programu moja, yaani kazi zake zinazoendeshwa kwa pamoja, kupokezana zamu. Hilo ni jambo kubwa na sina nia ya kulipunguza. Hata hivyo, kwa mtu anayeandika programu za kila siku za kusoma faili, kupanga tarehe, kufungasha data na kutuma taarifa, mabadiliko yatakayomgusa kwanza yamo ndani ya maktaba, na baadhi yake yanasahihisha makosa yaliyotutesa kwa zaidi ya miaka 10.

Nina kipimo kimoja ninachokitumia kuhukumu maktaba sanifu ya lugha yoyote. Humwangalia mtu mwenye haraka, ambaye hajasoma maelezo yote, akiandika ule mstari wa kawaida unaomjia kwanza, kisha hujiuliza kama mstari huo ni sahihi na salama. Ikiwa ndivyo, maktaba imefanya kazi yake. Lakini ikiwa mstari huo una mtego, na usalama unapatikana tu kwa aliyesoma onyo lililowekwa chini ya ukurasa, basi kosa ni la maktaba hata kama onyo lilikuwepo. Kwa kipimo hicho, ninaamini matoleo ya karibuni ya Python yamepiga hatua kubwa, na ningependa wasomaji wenu wanaoandika programu, wanaofundisha na wanaosimamia mifumo waijue.

Mfano ulio wazi kuliko mingine ni moduli ya tarfile, inayofunga na kufungua mabunda ya tar, yaani faili moja iliyobeba faili nyingi ndani yake pamoja na majina ya mahali pa kuziweka. Mtu akitaka kufungua bunda, huita extractall na kutaja folda ambamo vitu viwekwe. Tatizo ni kwamba kila kilichomo ndani ya bunda kimepewa jina na aliyelifunga, na jina hilo linaweza kuanza na nukta mbili na mkwaju, ambazo kwa kompyuta maana yake ni kupanda folda moja juu. Bunda likiwa na kitu kinachoitwa ../../mipangilio.txt, nalo likafunguliwa ndani ya folda ya muda, faili hiyo haitui humo. Hupanda ngazi mbili na kuandikwa juu ya faili nyingine yenye jina hilo, kama ipo. Mtu mwenye nia mbaya aliweza kwa njia hiyo kuharibu faili yoyote ambayo programu ilikuwa na ruhusa ya kuigusa, na mwenye programu hakuona dalili yoyote, kwa sababu ufunguaji ulikamilika bila hitilafu.

Udhaifu huu uliripotiwa mwaka 2007, na namba yake katika orodha ya umma ya udhaifu wa programu ni CVE-2007-4559. Jibu la wakati ule lilikuwa kuweka onyo kwenye maelezo kwamba mtu asifungue mabunda ya asiyemwamini kabla ya kuyakagua. Mwenendo wa msimbo wenyewe ulibaki vilevile. Miaka 15 ikapita, na mwaka 2022 watafiti wa usalama wa kampuni ya Trellix wakakutana nao tena na kuonyesha kwamba idadi kubwa mno ya programu zilizo wazi kwa umma zilikuwa zikiita extractall bila ukaguzi wowote. Mimi sikushangaa. Nilirudi kwenye msimbo wangu mwenyewe wakati huo nikakuta mahali sita ambapo nilifanya hivyohivyo, na onyo lile nilikuwa nimelisoma.

Baada ya hapo likaja pendekezo linalojulikana kama PEP 706. Toleo la 3.12, la mwaka 2023, lilileta vichujio vya kuamua kitu gani kikubaliwe kutoka ndani ya bunda, likaanza pia kumwonya asiyechagua kichujio. Sasa toleo la 3.14 limekifanya kichujio kiitwacho data kuwa chaguo-msingi. Maana yake ni kwamba ule mstari wa kawaida, bila kuongezewa neno, unakataa vitu vinavyotaka kutoka nje ya folda iliyotajwa, unakataa viungo vinavyoelekeza nje, na unakataa faili maalumu za vifaa ambazo hazina kazi katika data ya kawaida. Anayetaka tabia ya zamani bado anaweza kuipata, ila sasa yeye ndiye anayelazimika kuandika waziwazi kwamba analiamini bunda hilo kikamilifu. Mzigo wa kueleza umehamishwa kutoka kwa anayetaka usalama kwenda kwa anayetaka hatari, na kwangu mimi huo ndio uboreshaji wenye thamani kubwa kuliko wote katika toleo hili.

Sitaki msomaji aelewe kwamba sasa mabunda ya wageni yanaweza kufunguliwa ovyo. Mwezi Juni 2025 mianya ilitangazwa ndani ya kichujio hichohicho, ikazibwa kwa masahihisho yaliyotolewa pia kwa matoleo ya nyuma yaliyokuwa bado yakihudumiwa, na maelezo rasmi yanaendelea kusema kwamba kichujio ni ngazi moja tu ya kinga. Anayesimamia seva anapaswa kuhakikisha kwamba anatumia sahihisho la karibuni la toleo alilonalo, maana mtu anaweza kuwa na 3.12 au 3.13 na bado akawa na mwanya kwa sababu hajasasisha tarakimu ile ya mwisho ya namba ya toleo.

Eneo la pili ambalo maktaba imetusikia ni tarehe na saa. Moduli ya datetime ilipewa mwaka 2018, katika toleo la 3.7, njia iitwayo fromisoformat ya kusoma tarehe zilizoandikwa kwa mtindo wa ISO. Jina lake lilimfanya kila mtu aamini kwamba inasoma ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe na saa ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1988. Haikuwa hivyo. Ilisoma tu namna ile ambayo Python yenyewe huiandika. Ukiipa 2021-05-04T10:15:00Z, ambapo herufi Z ya mwisho humaanisha saa ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia nzima, na ambayo ndiyo namna seva nyingi duniani zinavyotuma saa, ilikataa na kusimamisha programu. Wengi wetu tuliishia kuandika mstari wa kubadilisha Z kuwa +00:00 kabla ya kuisoma, na mstari huo umenakiliwa kutoka programu moja hadi nyingine mpaka wanaoutumia leo hawajui ulitoka wapi. Toleo la 3.11 la mwaka 2022 lilimaliza suala hilo, na sasa karibu namna zote halali za ISO 8601 zinasomwa. Ninawaomba wanaotunza programu za zamani waufute mstari huo mara tu wanapohama, kwa sababu kila kiraka kinachobaki bila sababu humchanganya atakayekuja kusoma baadaye.

Jambo la utcnow ni zito zaidi, na naomba nilieleze kwa kisa kilichonipata. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi, tulikuwa na programu inayotoa ruhusa ya kuingia kwenye mfumo kwa muda wa saa moja. Niliandika kwamba muda wa mwisho wa ruhusa ni datetime.utcnow().timestamp() ukiongezewa sekunde 3600, na sehemu nyingine ya programu ililinganisha muda huo na time.time(), yaani saa ya sasa kwa hesabu ya sekunde. Kwenye seva ya majaribio, iliyokuwa imewekwa saa ya UTC, kila kitu kilikwenda sawa kwa wiki kadhaa. Tulipohamia kwenye seva iliyowekwa saa 3 mbele ya UTC, hakuna mtumiaji hata mmoja aliyeweza kukaa ndani ya mfumo: aliingia, akatolewa papo hapo, akaingia tena, akatolewa tena. Nilitumia siku nzima nikikagua nenosiri, vidakuzi na mtandao, kumbe tatizo lilikuwa kwamba utcnow hurudisha saa ya UTC bila kuiwekea alama yoyote ya kwamba ni UTC, na timestamp ikipokea saa isiyo na alama huichukulia kuwa ni saa ya mahali kompyuta ilipo. Kwa hiyo kila ruhusa ilizaliwa ikiwa imekwisha muda wake saa 2 kabla. Mistari yote miwili ilikuwa halali, na hakuna onyo lililotokea.

Tangu toleo la 3.12, utcnow imewekewa onyo kwamba itaondolewa, na anayeitumia anaelekezwa kuandika datetime.now(UTC), ambayo hurudisha saa iliyobeba alama ya ukanda wake. Wapo wenzangu wanaolalamika kwamba onyo hilo limejaza kumbukumbu za matukio (logs) za seva zao bila sababu. Ninawaelewa, ila ninasema kwa uzoefu wangu kwamba ni afadhali kumbukumbu zijae kuliko siku niliyoipoteza mimi na watu waliofungiwa nje ya mfumo kwa kosa langu.

Katika eneo hilohilo la saa inafaa kutaja moduli ya zoneinfo, iliyoingia katika toleo la 3.9 mwaka 2020. Kabla yake, Python ilikuwa na tarehe lakini haikuwa na kanda za saa za dunia ndani ya maktaba yake, nasi tulitegemea kifurushi cha nje kiitwacho pytz. Kifurushi hicho kilitusaidia sana na waliokitunza wanastahili shukrani, lakini namna yake ya kutumika ilipishana na ile ambayo datetime yenyewe inaitarajia. Mtu akiweka ukanda wa New York moja kwa moja wakati wa kuunda saa, alipata tofauti ya saa 4 na dakika 56 nyuma ya UTC badala ya saa 5 kamili za majira ya kawaida, ambayo ni saa ya kale ya jua ya mji huo, ya kabla ya kanda za saa kusanifishwa. Tofauti ya dakika 4 katika ratiba ni rahisi kupita bila kuonekana. Kwa zoneinfo mstari ule ule unatoa jibu sahihi, ingawa wenye Windows hulazimika kuongeza kifurushi cha tzdata ili kanda zenyewe zipatikane.

Yapo mengine katika 3.14 ambayo nitayapitia kwa haraka. Moduli ya pathlib, iliyokuja mwaka 2014 ili iwe njia moja ya kushughulikia faili na folda, haikuwa na uwezo wa kunakili faili mpaka toleo hili. Kwa miaka 11 tuliazima kazi hiyo kutoka moduli ya shutil, na sasa copy na move zimewekwa mahali pake. Moduli ya heapq, inayopanga vitu ili kile kidogo kabisa kitoke kwanza, sasa ina jozi yake rasmi ya kutoa kikubwa kwanza, na hivyo ule ujanja wa kugeuza kila namba kuwa hasi kabla ya kuiweka hauna haja tena. Moduli ya uuid imeongezewa aina mpya zilizosanifishwa mwaka 2024, na aina ya 7 ndiyo wenye hifadhidata watakayoipenda, kwa kuwa vitambulisho vyake hujipanga kwa mfuatano wa wakati vilipotengenezwa.

Ubanaji wa data unahitaji maneno machache zaidi. Moduli ya lzma iliingia mwaka 2012, na kwa miaka 13 hakuna namna nyingine ya kubana iliyoongezwa. Katika kipindi hicho Zstandard, kazi ya Yann Collet iliyotolewa na Facebook mwaka 2016, ilienea kila mahali, hata ndani ya Linux yenyewe, kwa kuwa inabana vizuri huku ikifungua kwa kasi kubwa. Aliyetumwa faili ya aina hiyo alilazimika kutafuta kifurushi cha nje ili tu aisome. Sasa kuna moduli ya compression.zstd, na tarfile, zipfile na shutil zote zinaielewa. Faida yake haiishii kwenye urahisi. Kila kifurushi cha nje ni mlango mmoja zaidi ambao mtu anaufungua kwa kuwaamini watu asiowafahamu, na tumeshaona mara nyingi wahalifu wakipakia kwenye PyPI, hazina ya umma ya vifurushi vya Python, vifurushi vyenye majina yanayokaribiana na yale maarufu, wakimsubiri atakayekosea herufi moja. Kazi ya msingi kama kufungua faili iliyobanwa haipaswi kumlazimisha mtu kupita njia hiyo. Kuna pia kompyuta ambazo kwa sababu za usalama haziruhusiwi kabisa kuunganishwa na intaneti, na kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta kama hizo maktaba sanifu ndiyo mali yote aliyonayo.

Msomaji makini ataniuliza: ikiwa kuongeza ni kuzuri hivyo, mbona Python imekuwa pia ikiondoa? Ni kweli. Toleo la 3.13 la Oktoba 2024 liliondoa moduli 19 kwa mkupuo mmoja, kufuatana na pendekezo la PEP 594 lililoandikwa na Christian Heimes na Brett Cannon. Kati ya zilizoondoka ni cgi, iliyotumika kutengeneza kurasa za wavuti za awali; telnetlib, ya kuunganika na vifaa vya mtandao kwa njia isiyosimbwa; nntplib ya mabaraza ya habari ya zamani; crypt ya kuficha nywila; na kadhaa za kusoma aina za faili za sauti ambazo vijana wa leo hawajapata kuzisikia. Kabla ya hapo, toleo la 3.12 lilikuwa limeiondoa distutils.

Mimi ninaunga mkono uondoaji huo. Moduli iliyomo kwenye maktaba sanifu hubeba ahadi kwamba kuna mtu anaiangalia, anaijaribu na atarekebisha ikipatikana na udhaifu. Moduli ambayo haina tena mtunzaji huivunja ahadi hiyo kimyakimya, na anayeanza kujifunza hana njia ya kuitofautisha na iliyo hai, kwa sababu zote zimeorodheshwa kwenye ukurasa mmoja. Tena muda wa kujiandaa ulitolewa: pendekezo liliandikwa mwaka 2019, maonyo yakaanza na toleo la 3.11 mwaka 2022, na kuondolewa kwenyewe kukawa mwaka 2024.

Hata hivyo, nina lalamiko ambalo nataka lisikike. Maonyo ya aina hii kwa kawaida hayaonyeshwi, isipokuwa pale msimbo unaohusika umo ndani ya faili ileile iliyoendeshwa moja kwa moja. Yakitokea ndani ya moduli nyingine, Python huyanyamazia. Kusudi lilikuwa kumkinga mtumiaji wa kawaida asisumbuliwe na mambo yasiyo yake, lakini matokeo yake ni kwamba watu wengi hawakuliona onyo hata moja kwa miaka miwili, kisha siku ya kuhamia 3.13 programu zao zikasimama kwenye mstari wa kwanza wa import. Dawa ipo na ni rahisi: kuendesha majaribio ya programu kwa kuongeza -X dev, ambayo huyafichua maonyo yote, au -W error, ambayo huyageuza kuwa hitilafu ili yasipuuzwe. Ningetamani jambo hili lifundishwe tangu mwezi wa kwanza wa masomo, kabla hata ya mwanafunzi kuandika darasa lake la kwanza la vitu (class).

Nikiwa nimewagusa wanafunzi, kuna badiliko dogo la 3.13 ambalo limenipunguzia kazi kuliko ninavyoweza kueleza. Anayeanza hupenda kuipa faili yake jina la kitu anachojifunza. Akijifunza kupata namba za bahati nasibu kwa moduli ya random, huihifadhi kazi yake kama random.py. Anapoiendesha, Python hutafuta moduli ya random, huikuta kwanza faili yake mwenyewe, na kumwambia kwamba random haina kitu kinachoitwa randint. Mwanafunzi hutazama maelezo yanayosema randint ipo, hutazama skrini inayosema haipo, na huanza kujiona yeye ndiye mwenye kasoro. Nimemwona mmoja akiifuta Python na kuisakinisha upya mara mbili kwa sababu hiyo, na wala faili yake haikuguswa, kwa hiyo tatizo lilimsubiri palepale. Sasa ujumbe wa hitilafu unaitaja faili hiyo kwa njia yake kamili na kumshauri aibadilishe jina kwa kuwa linafanana na la moduli ya maktaba sanifu. Ni nyongeza ya sentensi moja tu, lakini humwokolea anayeanza jioni nzima.

Kabla sijafika kwenye ombi langu, haki inanitaka niseme pia palipobaki nyuma. Mpaka leo, mtu anayetaka kuchukua data kutoka kwenye tovuti kwa maktaba sanifu peke yake hutumia urllib.request, na maelezo rasmi ya moduli hiyo yenyewe humshauri atumie kifurushi cha nje cha Requests. Ninafahamu hoja ya wanaopinga kukiingiza: mambo ya usalama wa mtandao hubadilika haraka, na maktaba inayotoka mara moja kwa mwaka itachelewa. Hoja hiyo ina nguvu, lakini haijibu kwa nini njia iliyopo isifanywe iwe rahisi zaidi. Vilevile moduli ya tomllib, iliyoingia mwaka 2022 ili kusoma mafaili ya mipangilio ya TOML, inasoma tu wala haiandiki, hivyo anayetaka kubadilisha thamani moja na kuihifadhi bado analazimika kutafuta msaada nje. Haya ninayataja kwa sababu ninaipenda lugha hii na ninaitegemea kwa riziki yangu.

Lipo badiliko jingine ambalo limeshaamuliwa na linakuja, nalo linatuhusu moja kwa moja sisi tunaoandika Kiswahili. Mpaka sasa, ukiita open ili kusoma faili ya maandishi bila kutaja usimbaji wa herufi, yaani namna herufi zinavyogeuzwa kuwa baiti, Python hufuata mpangilio wa kompyuta husika. Kwenye Linux na Mac mpangilio huo kwa kawaida ni UTF-8, lakini kwenye Windows mara nyingi ni mwingine wa zamani. Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili kiko salama kwa kuwa herufi zetu ni zilezile za Kilatini zisizo na vipambo. Naomba wafikirie neno ng’ombe. Programu nyingi za uandishi huibadilisha alama ile ya katikati kuwa ya kupinda, na alama hiyo katika UTF-8 huhifadhiwa kwa baiti tatu. Faili hiyo ikisomwa kwenye Windows kwa usimbaji wa zamani, kila baiti huchukuliwa kuwa herufi kamili, na msomaji hupata ngâ€™ombe. Nimekuta orodha nzima za maneno zilizoharibika hivyo, ambapo ng’aa, ng’oa na ng’ang’ania zote zimejaa takataka hizo, na aliyezikusanya alikuwa ameshafuta nakala ya awali. Pendekezo la PEP 686 limeamua kwamba kuanzia toleo la 3.15 UTF-8 ndiyo itakuwa chaguo-msingi kila mahali. Hapo tena ule mstari wa kawaida utakuwa ndio mstari sahihi.

Kutokana na haya nina maombi mawili. La kwanza ni kwenu, Ndugu Mhariri. Python hutoa toleo jipya kila mwaka mwezi Oktoba, na kila toleo huhudumiwa kwa miaka 5 tu, 3.9 imeshafikia mwisho wake Oktoba 2025, na 3.10 itafuata Oktoba 2026. Ratiba hiyo inajulikana mapema kiasi kwamba gazeti lenu linaweza kutenga nafasi kila Oktoba kueleza kwa Kiswahili kilichoongezwa kwenye maktaba, kilichoondolewa, na kilichobadilika tabia. Maelezo rasmi ni marefu na yameandikwa kwa lugha ambayo wengi wanaoanza huisoma kwa kubahatisha, na mtu akibahatisha kwenye mambo kama vichujio vya mabunda au saa za UTC, gharama yake huja kulipwa na watumiaji wa programu yake.

Ombi la pili ni kwa wanaosimamia mifumo na wanaopanga kazi za wahandisi. Kuhama toleo huwekwa mwisho wa orodha kwa sababu hakuonekani kuzaa kitu kipya cha kumwonyesha mteja. Lakini haya niliyoyaeleza yanampata tu aliyehama. Aliyebaki kwenye 3.9 bado anafungua mabunda kwa tabia ile ya 2007 asipochagua kichujio mwenyewe. Na kwa ajili ya badiliko la UTF-8, hakuna haja ya kusubiri 3.15 itoke ndipo waanze kuhangaika. Tangu toleo la 3.10, Python ikiendeshwa kwa -X warn_default_encoding huonyesha kila mahali ambapo faili imefunguliwa bila kutaja usimbaji. Niliijaribu kwenye mfumo mmoja ninaoutunza nikapata mahali 41, nikaandika encoding="utf-8" kwenye kila kimoja, na kazi yote ilikwisha kabla ya saa za mchana.

Wenu katika kazi,

Mwandishi na mwalimu wa programu, msomaji wenu wa siku nyingi